Kadi Bila Sindano

Kinole iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, upande unaopokea mvua zinazotoka Bahari ya Hindi. Migomba imezingira nyumba, mananasi yamepandwa miteremkoni, na wenye mashamba mazuri wana karafuu na iliki. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba huwa zito kuliko la baba. Kwa hiyo kijana wa kisa hiki alipochoka kushusha mikungu ya ndizi mjini Morogoro, aliyemwendea alikuwa mjomba wake, dereva wa lori la masafa marefu mwenye nyumba Kihonda. Jina la kijana silitaji, maana kisa nimekitunga kiwe funzo, ingawa wanaofanana naye ni wengi katika barabara ya Tunduma. Habari za ugonjwa, chanjo na sheria zilizomo humu ni za kweli.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Habari za mlimani?”

“Njema. Mama anakusalimu. Nimekuja unitafutie kazi.”

Kazi ilikuwepo. Utingo wa mjomba alikuwa ameacha, na baada ya wiki tatu lori lilitakiwa kupeleka salfa kwenye migodi ya shaba ya Katanga, huko Kongo. Pasipoti kijana alikuwa nayo tangu mwaka uliotangulia, alipokuwa akiota kwenda Afrika Kusini. Mjomba akahesabu noti, akampa.

“Imebaki kadi ya njano. Nenda Dar es Salaam wiki hii hii, uchomwe sindano ya homa ya manjano. Kongo hawakupitishi bila kadi. Usichelewe, maana sindano haikubaliki mpaka zipite siku kumi.”

“Sawa mjomba.”

Aliporudi Kinole alikuta karafuu zimekomaa na mama yake hana wa kumsaidia kuchuma. Ukafuata msiba wa jirani. Kioo cha simu kikapasuka, akakitengeneza kwa sehemu ya hela ya sindano. Na kijiweni, alikokwenda jioni, wenzake walimwambia jambo lenye chembe ya ukweli: homa ya manjano, nani Morogoro aliwahi kuiona? Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani haliiweki Tanzania miongoni mwa nchi ambazo ugonjwa huu umeota mizizi. Lakini Kongo imo, Angola imo, Uganda imo, na Kenya imo. Msafiri hachanjwi kwa sababu ya kule anakotoka. Anachanjwa kwa sababu ya kule anakokwenda, na tena kwa ajili ya watu atakaowarudia. Hili la pili halisemwi sana, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Mjomba naye hakosi lawama. Alitoa amri, sababu akabaki nayo. Milima hii ina kumbukumbu chungu ya amri za namna hiyo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, udongo wa chini usio na rutuba ukaletwa juu, mavuno hayakuwaridhisha watu, na mwaka 1955 wakainuka kuupinga mpango mzima mpaka ukavunjika. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo jema. Lililokosekana ni mtu wa kukaa na wakulima, kuwaeleza na kuwasikiliza. Naona ushauri mwingi wa afya kwa wasafiri bado unatolewa kwa mtindo ule ule: choma, lipa, ondoka. Anayeambiwa hivyo huishia kuamini kwamba kadi ndiyo inayotakiwa, na kwamba sindano ni usumbufu wa njiani.

Dakika tano za maelezo zingetosha. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vya aina iitwayo 17D, ambayo Max Theiler na wenzake waliitoa mwaka 1937. Kazi hiyo ilimpa Theiler Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Mwili ukipokea virusi hivyo hutengeneza kingamwili, na kazi hiyo inataka muda. Ndani ya siku 10 watu 80 hadi 100 katika kila 100 huwa wamepata kinga, na ndani ya siku 30 huwa zaidi ya 99. Ndiyo maana kadi huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano. Afisa wa mpakani hakuzitunga siku hizo, ni siku za mwili wenyewe. Na sindano ni moja tu. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hiyo inatambulika kimataifa kwa maisha yote ya mwenye nayo, hata ile ya zamani iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni miaka 10. Kwa nusu siku ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, kijana wetu angemaliza jambo hilo mpaka uzeeni.

Hakwenda. Alfajiri ya safari mjomba alimwuliza, “Mambo yote tayari?” Akajibu, “Tayari mjomba.”

Lori likapita Mikumi, likapanda Kitonga, likavuka Makambako na Mbeya. Tunduma, mpakani mwa Zambia, wakakuta foleni. Usiku, mjomba akiwa amelala, kijana alishuka kutafuta chai, na pale kibandani akakutana na kishoka mwenye mkoba.

“Kadi unayo, mdogo wangu?”

“Sina.”

“Usihangaike. Lete pasipoti.”

Kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, jina likaandikwa, namba ya pasipoti ikaandikwa, namba ya toleo la chanjo ikaandikwa, saini ikapigwa na muhuri ukagongwa. Tarehe ilirudishwa nyuma wiki tatu. Kijana, ambaye si mtu mbaya, aliuliza, “Na sindano?”

“Ya nini? Anayesoma kadi hachungulii mkono.”

Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, afisa alisoma kadi, akahesabu siku, akairudisha. Mjomba aliiona ikipita mkononi mwake pamoja na hati nyingine za gari, akaridhika. Hakuuliza ni siku gani mpwa wake alikwenda Dar es Salaam.

Wengi wangesema kadi ilifanya kazi yake. Mimi nasema kadi za namna hiyo zimewaponza hata wasiozinunua. Machi 2012, Afrika Kusini iliwarudisha kwao Wanijeria 125 waliotua Johannesburg kwa madai kwamba kadi zao za homa ya manjano hazikuwa halali. Nijeria ikalipiza kwa kuwarudisha raia wa Afrika Kusini, na mwishowe serikali ya Afrika Kusini ikaomba radhi. Katika ndege zile walikuwemo watu waliosema kwamba walikuwa wamechanjwa kihalali. Kadi za kughushi zikishazagaa, mkweli naye huonekana mwongo.

Safari ilikuwa ndefu, foleni za kwenda na foleni za kurudi. Kijana alikunywa maji ya madumu yaliyouzwa barabarani, akala alichokikuta. Wakiwa njiani kurudi, karibu na Makambako, homa ikamshika. Mjomba akamnunulia vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa. Walipofika Morogoro kijana aliomba apande Kinole apumzike kwa mama.

Akalala siku tatu kwenye chumba cha mbele, mlango wazi mchana kutwa, wadogo zake na watoto wa majirani wakiingia na kutoka kusikiliza habari za Kongo. Siku ya nne mama aliona macho ya mwanawe yamekuwa ya manjano, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi.

Siku hizo tatu ndizo kiini cha kisa chote. Mgonjwa wa homa ya manjano huwa na virusi vingi katika damu siku za mwanzo za homa, kabla macho hayajageuka rangi, wakati yeye mwenyewe anadhani ana malaria au uchovu. Mbu akimuuma wakati huo hubeba virusi, na baada ya siku kadhaa huvipeleka kwa mwingine. Mbu wenyewe ni wa jamii ya Aedes, wanaouma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haisaidii. Tanzania tunao. Ndio waliosambaza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Na hawaishi mjini tu. Watafiti wa taasisi iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano walionyesha kwamba kule Bwamba, magharibi mwa Uganda, virusi vilitoka kwa kima na kuwafikia watu kupitia mbu wa jamii hiyo waliokuwa wakizaliana katika migomba, kwenye maji yanayotuama pale majani yanaposhikana na shina. Msomaji aliyewahi kufika Kinole anajua migomba ilivyo karibu na milango.

Mbu tunao, watu wasiochanjwa tunao, kwa kuwa chanjo hii haimo katika zile tunazowapa watoto wetu wote. Virusi ndivyo tusivyokuwa navyo, navyo vinahitaji msafiri mmoja tu wa kuvileta.

Luanda, mji mkuu wa Angola, ilikuwa mfano wa kutisha. Desemba 2015 watu walianza kuugua katika manispaa ya Viana, na wagonjwa wa mwanzo walikuwa wageni kutoka Eritrea. Januari 2016 taasisi ya Pasteur ya Dakar ilithibitisha kuwa ni homa ya manjano. Kufikia hapo ilikuwa imeshaingia mjini. Ikavuka kwenda Kongo hadi Kinshasa. Wakenya wawili waliokuwa wakifanya kazi Luanda walirudi nayo Nairobi, na mmoja akafariki. Wafanyakazi 11 wa Kichina waliirudisha China, na hiyo ikawa mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa katika bara la Asia. Akiba ya dharura ya dunia, dozi milioni 6, ikamalizika, mpaka Agosti 2016 mamilioni ya watu wa Kinshasa wakachanjwa kwa moja ya tano ya dozi ya kawaida ili chanjo iwatoshe. Hadi mlipuko ulipozimwa, karibu watu 400 walikuwa wamekufa, kwa ugonjwa wenye chanjo ya kuaminika tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Turudi Morogoro. Kijana aliteremshwa hospitali kwa bodaboda, mama akimshikilia kwa nyuma. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari akauliza kama alisafiri.

“Nilikuwa Kongo.”

Daktari akaacha kuandika. “Ulichanjwa homa ya manjano?”

Kijana akatoa kadi. Daktari akaisoma mstari kwa mstari, tarehe, namba, muhuri, kisha akamrudishia na kuendelea kutafuta ugonjwa mwingine. Hakufanya uzembe. Hati ya kimataifa ilimwambia kwamba mtu huyu ana kinga, naye akaiamini kama alivyofunzwa. Kadi ile iliyomdanganya afisa wa Kasumbalesa ilikuwa sasa inamdanganya tabibu aliyetaka kumponya mwenye nayo. Kishoka hakulisema hili wakati anapokea hela. Kijana akalazwa wodi ya kawaida, bila neti mchana, kando ya dirisha.

Homa ya manjano haina dawa ya kuiua. Wagonjwa wengi hupona baada ya siku chache, lakini wachache huingia hatua ya pili, ini na figo zikaharibika, damu ikatoka puani, mdomoni na tumboni, na nusu ya wanaofika huko hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Daktari anayejua analotafuta humlinda mgonjwa huyo asiumwe na mbu, humwekea maji mwilini, humwepusha na dawa za maumivu zinazozidisha kutoka damu, na huwaarifu wakubwa wake siku hiyo hiyo.

Usiku wa pili kijana aliogopa. “Mama,” akasema, “ile sindano sikuchomwa.”

Mama hakumlaumu. Alitoka nje ya wodi akampigia kaka yake, aliyekuwa bandarini Dar es Salaam akipakia mzigo mwingine. “Kaka, mtoto hakuchomwa. Kadi alinunua.”

Mjomba aliliacha lori kwa mwenzake, akapanda treni ya kwanza ya asubuhi, akaenda moja kwa moja kwa daktari. Alisema yote bila kumficha mpwa wake na bila kujificha mwenyewe. Kuanzia saa hiyo mambo yakabadilika. Kijana akawekwa ndani ya neti usiku na mchana. Damu ikachukuliwa upya na kupelekwa maabara Dar es Salaam. Maofisa wa afya wakapanda Kinole wakiuliza nyumba kwa nyumba nani ana homa, wakimwaga maji kwenye madumu, matairi na vifuu vya nazi. Watoto waliosikiliza hadithi za Kongo wakapimwa joto kila siku. Wazazi wao hawakumtukana mama wa kijana, lakini hawakupita tena mlangoni kwake kumsalimia.

Jibu lilipokuja halikuwa homa ya manjano. Ilikuwa homa ya ini inayoletwa na maji machafu, nayo ikamlaza wiki kadhaa. Alipona. Daktari alimwambia mjomba, “Mzee, tulipoteza siku mbili. Kwa ugonjwa huu hazikutudhuru. Kwa ule mwingine nisingependa hata kuzifikiria.”

Mjomba hakumpiga mpwa wake. Alipopata nguvu alimpeleka mwenyewe Dar es Salaam, akakaa kwenye benchi la nje mpaka alipotoka akiwa amebana pamba kwenye mkono. Nafasi ya utingo ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Kijana alirudi kwenye ndizi akiwa na kadi moja, ya kweli. Ile ya Tunduma mjomba aliichana mbele yake kituoni Msamvu.

Kuna watakaosema kwamba hili ni la madereva. Lakini Morogoro hupeleka watu nje kwa njia nyingi kuliko tunavyodhani. Chuo Kikuu cha Sokoine hupeleka wanafunzi na watafiti; panya buku waliofunzwa hapo wamesaidia kutafuta mabomu ya ardhini Msumbiji, Angola na Kamboja, na popote panya hao wanapokwenda, watu huambatana nao. Wapo wanajeshi wa kulinda amani. Wapo mabinti wanaokwenda kazini Oman. Na kila mwaka wapo mahujaji. Kwao sindano muhimu ni nyingine, ya homa ya uti wa mgongo, na Saudi Arabia inataka iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Sharti hilo lilitokana na msiba. Mwaka 1987 homa hiyo ililipuka Makka wakati wa Hija, na mahujaji wakarudi nayo makwao. Katika miaka miwili iliyofuata aina ile ile ya vijidudu ilipatikana katika milipuko ya Chad, Sudan, Ethiopia na Kenya. Watu waliokwenda kutafuta radhi za Mungu walirudi na maradhi kwa watoto wao bila kujua. Anayechanjwa kabla ya Hija anawalinda anaosali nao bega kwa bega, na anawalinda wanaomsubiri nyumbani.

Si kila mtu anafaa kuchomwa sindano ya homa ya manjano. Mtoto wa chini ya miezi 9, mjamzito, anayedhurika vibaya akila mayai, na mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, kwa UKIMWI usiodhibitiwa au kwa dawa za saratani, hao wamweleze mtaalamu ukweli wote kabla ya sindano. Aliyevuka miaka 60 naye apimiwe faida na hatari kwanza. Asiyefaa hupewa barua rasmi ya kueleza sababu, na barua hiyo inatambuliwa na kanuni za afya za kimataifa, ingawa nchi anakokwenda ndiyo yenye uamuzi wa mwisho. Kwa hiyo hata asiyeweza kuchanjwa hana haja ya kishoka. Aliyechanjwa naye asidhani kwamba sindano moja imemkinga na kila kitu: haizuii malaria, haizuii kipindupindu, wala haizuii ile homa ya ini iliyomlaza kijana wetu. Neti, maji yaliyochemshwa na dawa ya malaria vinabaki palepale.

Kwako unayesoma, kama una safari ya nje, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya yako au ofisi ya afya ya bandarini au uwanja wa ndege wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka. Taja nchi zote utakazopita, hata ile utakayobadilisha ndege tu, na uliza chanjo zipi zinatakiwa na kwa nini. Usikubali kuandikiwa sindano ambayo hukuchomwa. Ukirudi na homa, mwambie daktari ulikokuwa kabla hajakuuliza. Na ikiwa tayari unayo kadi uliyoinunua, nenda ukachanjwe wiki hii.